VUKA BARABARA, UFIKE MZIMA



Katika vitabu vyetu vidogo tunazoea kusema juu ya malaria, kuhara, na chakula cha mtoto. Leo tunasema juu ya hatari yenye haina mdudu. Hailetwi na mbu wala na maji machafu. Ni kugongwa na motokari ao moto wakati wa kuvuka barabara.

Pengine utasema: « Hii si kazi ya munganga, ni kazi ya polisi. » Lakini mtu mwenye amegongwa hapelekwi kwa polisi kwanza. Analetwa hospitali. Ndiyo maana tunapenda kukufundisha namna ya kuzuia, sawa vile tunakufundisha kulala ndani ya chandarua.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu kama katika mwaka 2021 watu karibu 1.190.000 walikufa kwa aksida za barabara katika dunia nzima. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa mtu wa miguu. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, aksida za barabara ndizo za kwanza kwa kuua.

Mwenye hafi, pengine anavunjika. Mfupa wa paja wa mtu mzima unaomba hivi miezi 3 kwa kushikana vizuri. Hesabu wewe mwenyewe: miezi 3 bila kwenda soko, bila shamba, bila feza ya masomo ya watoto. Tena mtu mmoja wa jamaa atakaa hospitali kwa kupika na kufua. Basi mtu mmoja amegongwa, lakini nyumba nzima imelala kitandani.


MOTOKARI HAISIMAMI PALEPALE

Watu wengi wenye wamegongwa wanasema neno moja: « Ile motokari ilikuwa mbali, nilizani nitapita. » Hawasemi uongo. Macho ya mtu yanajua kupima kama kitu kiko mbali, lakini hayajui kupima vizuri kama kile kitu kinakuja na mbio gani. Tufanye hesabu pamoja.

Shofere anakuona. Mbele mguu wake ufike kwa freni, sekunde moja hivi imekwisha kupita. Kama anakwenda kilometa 50 kwa saa, katika ile sekunde moja motokari imepita mita 14. Kisha freni inashika, na motokari inakwenda tena mita 14 hivi mpaka kusimama. Jumla ni mita 28. Na hii ni kwa barabara kavu, freni nzuri, na shofere mwenye hajalewa. Mvua ikinyesha, ao freni ikiwa ya zamani, ao mizigo ikiwa mingi, mita zinaongezeka sana.

Tazama sasa namna mwendo unabadilisha mambo yote:

— Kwa kilometa 30 kwa saa: motokari inasimama kwa mita 13 hivi. Ikikugonga mbele ya kufunga freni, ni sawa na kuanguka toka mita 3 na nusu, ni kusema toka juu ya paa ya nyumba ndogo.

— Kwa kilometa 50 kwa saa: inasimama kwa mita 28 hivi. Ikikugonga, ni sawa na kuanguka toka mita 10, ni kusema toka juu ya nyumba ya orofa tatu.

— Kwa kilometa 60 kwa saa: inasimama kwa mita 36 hivi. Ikikugonga, ni sawa na kuanguka toka mita 14.

Mtu akianguka toka paa ya nyumba ndogo, mara nyingi tunaweza kumsaidia. Akianguka toka orofa ya tatu, mara nyingi hatuwezi. Kumbe tofauti kati ya kupona na kufa ni kilometa 20 tu kwa saa.

Sasa hesabu ya miguu yako. Barabara ya lami yenye upana wa mita 7 inamwomba mtu mzima mwenye afya sekunde 6 kwa kuvuka. Katika zile sekunde 6, motokari ya kilometa 60 kwa saa inapita mita 100. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira. Mama mwenye beseni juu ya kichwa, ao mzee mwenye fimbo, anaweza kuombwa sekunde 10. Katika sekunde 10 ile motokari inapita mita zaidi ya 160.

Shika basi kanuni hii: kama motokari iko karibu kuliko urefu wa uwanja wa mpira, ngoja. Kama uko na mtoto, mzigo ao fimbo, ngoja hata kama inaonekana mbali.


KWA NINI WATU WANAVUKA POPOTE ?

Tunasikia mara nyingi: « Watu wa mji huu hawana akili. Wanavuka popote, kama mbuzi. » Tusikubali neno hili upesi. Tuulize kwanza kwa nini.

Mama anashuka basi mbele ya soko. Mlango wa soko uko ngambo ya barabara, anauona. Mistari nyeupe ya kuvukia, ile watu wanaita pasaji, iko mita 300 mbele. Kwenda mita 300 na kurudi mita 300, na mzigo juu ya kichwa na mtoto mgongoni, ni karibu dakika 10. Atavuka pale pale. Hata wewe ungefanya vile. Mtu anapita mahali njia yake ni fupi, na hii ni tabia ya watu wa inchi zote, si ya Wakongo tu.

Jambo la pili ni kungoja. Mtu akingoja nusu dakika na motokari hazimwachi hata kidogo, uvumilivu unaanza kuisha. Anaingia kwa nguvu.

Jambo la tatu ni daraja za watu wa miguu, zenye kupita juu ya barabara. Wakubwa wengi wanazipenda, kwa sababu motokari hazisimami. Lakini watu wa miguu wanasemaje ? Jirani zetu wa Uganda walijenga daraja moja ya namna hii pale Nakawa, juu ya barabara kubwa ya Kampala kwenda Jinja. Wachunguzi walikwenda kuhesabu watu, na habari zao zilichapwa katika mwaka 2002. Waliona kama ni mtu mmoja tu hivi kati ya watatu mwenye alipita juu ya daraja. Wengine walivuka chini, katikati ya motokari.

Ni vyepesi kufahamu. Ngazi ni ndefu. Mwenye kuumwa magoti hawezi. Mwenye kinga ao kigari cha kiwete hawezi. Usiku mama anaogopa wezi kule juu. Daraja inamwomba mwenye kuchoka apande, na mwenye kukaa katika kiti cha motokari haombwi kitu.

Neno kubwa la kitabu hiki ni hili: mahali pa kuvukia panapaswa kuwekwa pale watu wanavukia tayari, chini, sawa na barabara, na motokari ndizo zipunguze mwendo. Watu watapapita bila kusukumwa, kwa sababu ndiyo njia yao.


MAMBO YENYE YAMESAIDIA

Pale Suhum, katika Ghana, barabara kubwa ya Accra kwenda Kumasi inapita katikati ya watu. Waliweka juu ya lami mistari yenye kuinuka kidogo, yenye kutetemesha motokari na kuamsha shofere. Aksida zilipungua kwa theluthi hivi, na vifo kwa nusu hivi. Hii si kazi ya feza nyingi.

Pale Dar es Salaam, shirika moja lenye jina Amend lilifanya kazi karibu na masomo ya watoto. Waliweka trotwari, mistari ya kuvukia, na vile vilima vidogo vya barabarani vyenye sisi tunaita dodani. Mahali pengine walihamisha mlango wa masomo, usifunguke tena kwa barabara kubwa. Watoto wenye kuumizwa walipungua kwa robo hivi.

Kwetu Kongo, katika mwaka 2013 roboti za kuongoza motokari zilianza kusimamishwa Kinshasa. Zilifanywa na wahandisi Wakongo pamoja na Mama Thérèse Izay. Zilikuwa na taa na mikono, na ziliwaambia pia watu wa miguu wakati wa kuvuka. Faida ya taa, ya polisi ao ya roboti ni moja: mtu anajua kama zamu yake itafika. Mwenye kujua zamu yake, anangoja.

Lakini mistari nyeupe peke yake, bila dodani wala taa wala polisi, haina nguvu nyingi. Sheria ya barabara ya inchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iko, na shofere anapaswa kumwachia njia mtu mwenye amekwisha kuingia katika pasaji. Hata hivyo rangi haisimamishi motokari. Usiingie katika mistari sawa vile unaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.


NAMNA YA KUVUKA

Mbele mji wetu upate mahali pazuri, lazima tuvuke kila siku. Fanya hivi:

1. Tafuta mahali shofere anaweza kukuona toka mbali. Usivuke kwenye kona, wala karibu na kichwa cha kilima, wala kati ya motokari zenye kusimama. Heri kutembea hatua 50 zaidi.

2. Simama pembeni na miguu yote miwili. Usisimame ndani ya lami kwa kuomba nafasi.

3. Tazama kushoto, kisha kuume, kisha kushoto tena. Katika Kongo motokari zinapita kuume, kwa hiyo ile ya kwanza kukufikia inatoka kushoto kwako. Rwanda na Burundi ni vile vile. Lakini ukivuka mpaka kwenda Uganda, Tanzania ao Zambia, yote inageuka: kule utazame kuume kwanza. Wenye kuchuuza Kasindi na Kasumbalesa wakumbuke sana neno hili.

4. Tafuta macho ya shofere. Kama hakutazami, hajakuona. Shofere wa lori kubwa anakaa juu sana. Mtu mwenye kusimama karibu kabisa mbele ya lori, hamwoni.

5. Motokari moja ikisimama kwa kukuachia njia, sema aksanti, lakini usikimbie. Pengine nyingine inaipita kwa upande, ao moto inapenya katikati. Fika mwisho wa ile motokari, simama, chungulia, kisha endelea.

6. Vuka sawasawa, si kwa kukata mshazari, maana njia ya mshazari ni ndefu. Tembea upesi, usikimbie. Ukiisha kufika katikati, usirudi nyuma ghafula, kwa sababu shofere amekwisha kupima kama utaendelea.

7. Simu ikilia, iache ilie. Mwenye kukuita atangoja.

8. Ukishuka basi, angalia mlango. Motokari nyingi zenye zinatoka Japani usukani wake uko kuume. Basi ndogo za namna hii, mlango wa watu uko kushoto, ni kusema katika Kongo unafunguka upande wa katikati ya barabara. Chungulia nyuma mbele ya kuweka mguu chini. Kisha ngoja basi iondoke, ndipo uvuke. Usipite mbele yake hata kidogo.

9. Usiku, nguo nyeusi inaonekana katika taa za motokari kwa mita 30 hivi tu. Kumbuka hesabu yetu: motokari ya kilometa 50 inaomba mita 28. Umebakiza mita mbili za uhai wako. Vaa nguo nyeupe, ao funga kitambaa cheupe mkononi, ao shika tochi.


MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Mtoto wa chini ya miaka 10 hajui bado kupima mwendo wa motokari. Tena yeye ni mfupi: haoni juu ya motokari yenye kusimama, na shofere hamwoni. Akifuata mpira, anasahau yote. Usimpige kwa sababu hii. Ni kichwa chake, hakijakomaa.

Wazazi, angalieni mambo haya:

— Usimwite hata siku moja mtoto mwenye yuko ngambo ya barabara. Akisikia sauti ya mama, atakimbia bila kutazama. Nenda wewe kumchukua.

— Mshike mtoto kwa kiwiko cha mkono karibu na kiganja, si kwa vidole. Vidole vinaponyoka.

— Usimwachie mtoto wa miaka 7 kazi ya kuvusha mdogo wake wa miaka 4.

— Tembea naye njia ya masomo mara nyingi. Kisha yeye akuongoze wewe, na aseme kwa sauti vile anaona. Hapo utajua kama amefahamu.

Kwa wazee na wagonjwa: kama unaona mzee anangoja pembeni, usimpite. Mwulize: « Baba, tuvuke pamoja ? » Watu watano wakivuka pamoja wanaonekana kuliko mmoja.


NENO KWA SHOFERE NA MOTARI

Ndugu shofere, ndugu motari, wewe pia ukishuka ni mtu wa miguu, na mama yako ni mtu wa miguu. Karibu na soko, masomo, kanisa na hospitali, usipite kilometa 30 kwa saa. Katika mji, kati ya kilometa moja ya mbio na kilometa moja ya pole, unapata faida ya dakika moja tu: kwa kilometa 60 ni dakika 1, kwa kilometa 30 ni dakika 2. Motokari nyingine ikisimama mbele ya pasaji, usiipite. Ujue kama iko mtu. Klakisoni si freni. Na wewe wa chukudu, ukishuka kilima na mzigo mzito hutasimama upesi, basi piga kelele mapema.


KAMA AKSIDA IMETOKEA

1. Kwanza mtu mmoja asimamishe motokari zingine, wasigongwe na wasaidizi.

2. Damu ikitoka nyingi, kandamiza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, usiachilie.

3. Mguu ukivunjika, usiuvute wala kuukanda. Uufunge pamoja na mguu mzima, pole pole.

4. Usimkunje mgonjwa katikati ya watu wawili juu ya moto. Ukiogopa shingo ao mgongo, watu wanne wamwinue pamoja, sawasawa, juu ya ubao ao mlango, kichwa kisitikisike.

5. Usimpe chakula wala kinywaji. Pengine atapasuliwa siku ile ile.

6. Mwenye amegonga kichwa akisema « niko muzima », mwangalie siku ile na usiku ule. Akitapika, akisinzia sana, ao akisema maneno ya kuchanganya, mlete hospitali upesi, hata usiku.


TUOMBE NINI KWA VIONGOZI ?

Hekima ya mtu mmoja haitoshi. Mahali pabaya patagonga hata mwenye hekima. Basi karatie ikutane na ifanye kazi hii:

Chagueni mahali pamoja penye hatari. Siku ya soko, vijana wawili wakae pembeni saa moja na karatasi. Wahesabu watu wenye wanavuka, na wavuke mahali gani hasa. Waandike wangapi ni watoto, wangapi wako na mizigo, wangapi walilazimika kukimbia. Kisha andikeni barua fupi, pamoja na hesabu ile, kwa shefu wa avenyu, shefu wa karatie, na burgumestri. Kiongozi anaweza kukataa malalamiko. Hesabu ni vigumu kuikataa.

Ombeni mambo haya, kwa utaratibu huu:

— Dodani upande huu na upande ule, mbele ya mahali watu wanavukia tayari.
— Mistari nyeupe kati ya zile dodani, na ipakwe rangi tena ikifutika.
— Kama barabara ni pana, kisiwa kidogo katikati, mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu ya pili.
— Motokari na meza za biashara zisifunike mahali pa kuvukia. Wenye biashara waonyeshwe nafasi nyingine karibu, wasifukuzwe tu.
— Taa ya usiku, na polisi wa barabara saa za watoto kuingia na kutoka masomo.

Mkingoja jibu, wazazi wapatane na polisi na mkubwa wa masomo: kila asubuhi wazazi wawili wenye bendera nyekundu wavushe watoto kwa kundi. Kazi hii haiombi feza. Inaomba kuamka mapema.


MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa njia ya watoto wetu kwenda masomo, ni mahali gani penye hatari kuliko pote ?
2. Kwa nini watu wanavuka pale, na si mahali pengine ?
3. Nani katika nyumba yetu anavuka pole pole, na nani anamsaidia ?
4. Nani atakwenda juma hili kuona shefu wa karatie ?

Mungu alitupa miguu kwa kwenda na macho kwa kutazama. Tumia macho kwanza, kisha miguu. Ukiisha kusoma kitabu hiki, mpe jirani.